Jirani wa Turbini

Mwezi uliopita mdogo wangu aliniomba nimpeleke aone mahali alipozaliwa. Tukatoka mjini Bunia kwa pikipiki.

Ungefika kule zamani, ndugu yangu, ungesikia maji kwanza. Wazee waliuchimbia mto wetu mfereji, maji yakashuka kwa bomba mpaka kwenye turbini, mashini ya umeme iliyokaa katika kijumba cha matofali. Kabla yake nyanya alitwanga muhogo mpaka mikono ikamtetemeka akishika kikombe. Umeme ulipokuja, mashini ikamsagia unga, naye akapata nafasi ya kutuchomea mahindi. "Taa ya maji haina moshi," alipenda kusema. Hata materniti, nyumba ya kuzalia, ilipata taa, wanawake wakaacha kuzaa kwa koroboi.

Aliyeitunza turbini ni jirani yetu. Kila asubuhi aliingia kwenye maji baridi kuondoa majani yasizibe bomba.

Vita vilipofika kijiji cha ng'ambo, mvua ilikuwa imetia giza alasiri yote. Mama alikuwa materniti, uchungu umemshika. Watu walikuwa wanafunga mizigo. Nyanya akanituma nimwambie jirani tunakimbia. Nilimkuta mferejini, maji kiunoni, anavuta matawi yaliyoletwa na mafuriko.

"Mama yako amekwisha kuzaa?"

"Bado. Nyanya anasema weye pia ukuje."

"Taa ikizimika, mukunga ataona namna gani? Wende. Siye tutakutana ku njia."

Mdogo wangu alizaliwa, lakini mama alitokwa na damu nyingi. Mkunga alimshona chini ya taa ile, kisha wanaume wakambeba kwa machela. Tuliposhuka bondeni risasi zilianza kulia nyuma yetu. Jirani hatukumwona njiani. Waliorudi baadaye walimkuta amelala kando ya mfereji, wakamzika hapo hapo, haraka.

Sasa turbini imeng'olewa, nyaya zimekatwa, mfereji umejaa majani. Wanawake wanatwanga tena. Muuguzi wa materniti alituambia wanazalisha kwa mwanga wa simu, na juma lililopita simu ilizimika kazi ikiwa katikati.

Kaburi hatukuliona. Mdogo wangu alisimama kwenye nyasi, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Yaya," aliniita mimi mkubwa wake, "alikuwa anaitwa nani?"

Siye watoto tulimwita Baba Turbini tu. Nyanya na mama, waliojua jina lake, wamekwisha kufa.