Nasoro na Mnara wa Kupimia Upepo

Nasoro alizaliwa mjini, mtaa wa Birere, katika nyumba ya Waislamu waliotoka Maniema, na tangu ujana kazi yake ilikuwa kupanda minara ya simu na kuipaka rangi. Kwa hiyo kampuni moja ilipotaka kujua kama milima ya Masisi ina upepo wa kutosha kutoa umeme, yeye ndiye aliyeitwa kutunza mnara mwembamba wa kupimia. Mnara huo ulisimama katika malisho ya mama Pascasie, mjane mfugaji.

Asubuhi moja upepo ulikuwa umetulia kabisa, na Nasoro alikuwa kileleni akibadilisha kipimo kilichoharibika. Mara mnara ukaanza kutikisika. Akakumbatia chuma, akatazama chini. Ng'ombe mwekundu alikuwa anajikuna shingo kwenye mojawapo ya kamba za chuma zilizoushikilia mnara.

"Mama Pascasie, mutoshe huyo ngombe, nitaanguka!"

"Usiogope, papa. Anajikuna tu," mama akajibu, akija bila haraka. Akamwita mnyama kwa jina, "Gaju, Gaju," akamsukuma ubavuni mpaka akaondoka.

Nasoro alishuka. Mama akampa maziwa, wakakaa majanini.

"Siku ya kusimamisha hii chuma mulikata miti yote," mama akasema. "Sasa ngombe ajikune wapi?"

Juma lililofuata Nasoro alirudi na gogo la mkaratusi, wakachimba shimo pamoja, wakalisimika mbali na kamba.

Tangu hapo, kila alipokuja, mama alikuwa na maswali. Hizo mashine kubwa za upepo zitapiga kelele namna gani? Ng'ombe watapita wapi? Aliyoyajua Nasoro aliyajibu. Asiyoyajua aliyapeleka ofisi ya kampuni, mtaa wa Himbi mjini. Mama hakukubali kukodisha malisho mpaka alipoahidiwa njia ya mifugo katikati ya mashine.

Upepo ulionekana kutosha. Miaka ikapita, na mashine ya kwanza ilipokamilika, Nasoro alikuwa ameanza kuumwa magoti, lakini aliomba apande. Ngazi ilikuwa ndani ya mnara. Hakuona mbingu wala bonde, ni kama kupanda ndani ya bomba, na alichoka kuliko siku zote. Juu akafungua mlango, Ziwa Kivu likamtokea kwa mbali. Akaketi kwanza apumue.

Simu ikalia. "Kuko namna gani huko, papa?"

"Kuko baridi, mama. Na njaa imenikamata."

"Shuka basi. Bugali na maharagi iko tayari."