Njia ya Ng'ombe Niliyoifuta Kitengela

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpima wa Wilaya pale Kajiado alinikabidhi mnyororo wa chuma wa kupimia, akaniambia, "Bwana mdogo, ardhi haidanganyi. Watu ndio wanadanganya." Nilikuwa nimetoka Kakamega na cheti changu kipya, nikayameza maneno hayo mazima mazima. Leo nasema mzee huyo alinipotosha. Ardhi ikipimwa na mtu wa haraka, inadanganya mchana peupe!

Kufikia miaka ya tisini kazi yetu ilikuwa kugawa ranchi za jamii, kila mtu apate kipande chake. Tulisimika bikoni, yaani vyuma vya kuonyesha kona za mpaka, kisha tukachora ramani. Nimepima Mashuuru, nimechomwa na jua la Magadi, mwishowe nikaletwa Kitengela chini ya Msimamizi wa Ugawaji, mtu asiyependa kuulizwa swali.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Msimamizi akanituma nikaangalie kama njia ya mifugo ya kwenda mtoni bado inatumika. Kama haitumiki, ikatwe viwanja. Nilishinda huko siku tatu, sikuona hata alama ya kwato. Mama Nasieku, ambaye boma lake lilipakana na njia hiyo, akanifuata.

"Ng'ombe wameenda mbali na vijana kutafuta nyasi," akasema. "Mvua ikinyesha watarudi. Usiandike hakuna njia."

"Mama, mimi naandika kile naona."

Nikaandika: haitumiki. Kiburi cha kusoma hicho!

Wiki iliyofuata nilipelekwa Uhispania kwa mafunzo mafupi, katika mji wa kale sana. Siku ya kwanza hatukuwa na darasa. Nilikunywa kahawa chungu nikiwa nimesimama kama wenyeji, nikazunguka vichochoro vya mawe, nikaketi kwenye ngazi za kanisa kuukuu nikila mkate. Mwenyeji wangu alikuwa mpima ardhi mstaafu wa mji huo, mzee wa kofia, na hakuwa na haraka hata kidogo. Nilifurahi kweli, nisiwadanganye.

Saa sita hivi magari yakasimamishwa na polisi. Nikadhani ni rais anapita. Kumbe ni kondoo! Mamia ya kondoo na wachungaji wao, katikati ya mji, watu wakiwapisha. Mzee akanionyesha jiwe lililochongwa, limepachikwa barabarani.

"Hii ni njia yao," akasema. "Ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Siku hizi wanapita mara moja tu kwa mwaka."

"Na hizo siku zingine zote?"

"Hawapo. Lakini njia ni yao."

Chakula cha mchana nilikiacha mezani. Nilienda hotelini nikampigia simu Msimamizi, nikamwambia asimamishe ripoti yangu, nimekosea.

"Umepelekwa Ulaya utembee, unaniletea habari za kondoo?" akacheka. "Ramani imeshapigwa muhuri. Nunua koti urudi."

Akakata simu. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka.

Niliporudi, mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuta ng'ombe wa Mama Nasieku wamesimama mbele ya ua wa nyaya wa viwanja vipya vilivyokata njia, wanalia, maji wanayasikia ng'ambo. "Takwenya, yeyo," nikamsalimu Kimaasai, kama mtu anavyomsalimu mama. Akawanyooshea fimbo ng'ombe.

"Hawa ndio wale uliandika hawako," akasema. "Wewe umesoma. Wasomee hiyo karatasi, pengine wataelewa."

Niliandika barua tatu kuipinga ripoti yangu mwenyewe. Hakuna aliyejibu. Mama Nasieku akauza ng'ombe, mmoja mmoja, boma likabaki tupu.

Nyinyi vijana wa mitambo ya setilaiti, msiandike kitu hakipo kabla hamjauliza kimeenda wapi. Mimi nilistaafu miaka ya elfu mbili, nikakatiwa keki pale ofisini. Mkuu wa idara akanisifu: miaka yote hiyo, hakuna hata ramani yangu moja iliyowahi kupelekwa kortini. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kupasua meza! Angeipeleka nani, na kwa ushahidi gani? Ushahidi niliufuta mimi.