Mtaalamu wa Boti Zilizostaafishwa

Miaka ya sabini mume wangu alipelekwa ng'ambo kusomea boti za makombora. Alirudi na koti zito la baridi, picha ya boti na agizo la kusubiri wito wa jeshi. Akaja kusubiria Kahama, ambako maji makubwa kuliko yote yalikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe.

Alisubiri kwa bidii. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akang'arisha viatu, akaenda kwa wanywa kahawa wa mtaa wa Nyasubi kuwaeleza jinsi boti ndogo inavyozamisha meli kubwa bila hata kuisogelea. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja, mfanyabiashara mwenye asili ya Pwani, alimuuliza kama boti hiyo inapakia mpunga. Mume wangu akanuna mpaka Ijumaa.

Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza na majaruba ya mpunga. Mvua zilikuwa zimekolea, miche inazeeka kitaluni, na tusingepandikiza tungekula fadhila za majirani mwaka mzima. Nilipomwomba anisaidie alinijibu, "Mke wangu, serikali haikunisomesha nije kukanyaga tope." Nilitamani kumtwanga kwa mchi.

Kisha akashuka kwenye basi mwenzake waliyesoma naye ng'ambo. Alikula, akanawa, ndipo akasema, "Ndugu yangu, usisubiri tena. Boti zile zimestaafishwa zote. Zinakatwa vyuma chakavu."

Kesho yake nilimkuta mume wangu jarubani amenitangulia, suruali ya sare imekunjwa magotini, fungu la miche mkononi. Wanawake wenzangu tuliokuwa tukilimiana kwa zamu wakasimama kumtazama. Mpunga hupandikizwa kwa kurudi kinyumenyume. Yeye alikuwa anakwenda mbele, kifua mbele, akikanyaga kila mche aliotoka kuuchomeka.

"Ng'wana wane," mama mmoja akamwita, "mwanangu, huko unakokwenda utavuna nini?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi ningecheka, maana hasira zangu zilikuwa hazijaisha. Lakini aligeuka, akaona mstari wake wote umelala majini, midomo ikaanza kumtetemeka. Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi. Nikaingia topeni na tumbo langu, nikamshika mabega, nikamgeuza.

"Haya, rudi nyuma," nikamwambia. "Polepole. Nipo nyuma yako."