Gari, Ambia Mwenyewe

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, usisumbue wazee. Nunua gari linalopita matopeni. Watajileta wenyewe.

Mimi nilinunua. Liko hapa Kitale, nje ya dirisha ninapoandikia, limeinama upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Chini yake kuna doa la oili ambalo fundi wangu, mwenye gereji upande wa Kipsongo, huapa kila mara kwamba hilo sasa limekwisha, na kesho yake ninalikuta palepale. Stata hushika ikipenda. Wipa inayofanya kazi ni moja, nayo iko upande wa abiria. Dizeli linakunywa hata likiwa limesimama, haki ya nani, mimi nimeshaacha kuuliza inaenda wapi.

Hayo ni ya gari. Ya watu ndiyo yananimaliza. Jumamosi zangu zote ni za maiti. Gari la kubeba jeneza hufika mwisho wa lami, dereva huangalia ule udongo mwekundu, anatikisa kichwa, kisha mtu fulani kwenye kamati ya mazishi anasema, "Si kuna yule jamaa wa ile gari?" Hata jina langu hawalijui. Mimi ni jamaa wa ile gari. Wengine wana magunia ya mahindi yaliyonyeshewa shambani. Kwaya ina spika za kupeleka kwenye mkutano wa injili. Nikisema nimechoka, wananiangalia kwa mshangao. "Lakini yako si ni ya matope?" Utadhani matope ndiyo chakula chake na mimi ninalinyima. Na nikikataa kabisa? Wacha tu. Ninaambiwa ninaringa.

Nani alinituma? Mapenzi. Wazee wangu walitoka mkoa wa kati wakaja kulima huku Trans-Nzoia, nami nikaoa Bungoma. Kwa kina mke wangu unashuka kutoka Kitale hadi Kamukuywa, unaiacha lami, unapanda kuelekea mlimani. Kiangazi ni barabara. Mvua ikianza ni uji. Mwaka wa kwanza wa ndoa tuliiacha gari yetu ndogo katikati ya mashamba ya miwa, tukapanda kwa miguu tukiwa na viatu mkononi, mke wangu akilia kwamba mamake atazeeka bila yeye kumwona. Basi nikauza ile ndogo, nikachukua hili. Nililinunua kwa ajili ya mama mkwe.

Na mama mkwe ndiye binadamu pekee Bungoma nzima asiyeweza kupanda.

Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani. Mama mkwe wanamwita mafiala, na neno hilo lina uzito. Hampeani mikono, hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, na mkikaribia kupishana njiani mmoja anaingia shambani. Ni heshima, si chuki. Mimi nimezaa na binti yake, nimemlimia, nimemwezekea paa la mabati, na uso wake siujui. Ninachokijua ni kitambaa cha kichwa kinachopotelea nyuma ya jiko, na sauti. Sauti naijua sana. Nikiwa nimekaa nyumba kubwa na yeye yuko jikoni, anamwambia mke wangu, "Uliza mgeni kama mvua ilimnyeshea," na mimi nimesikia, mlango uko wazi, lakini sijibu mpaka niulizwe. Nimekuwa mgeni miaka yote hiyo.

Niliyazoea. Kisha macho yake yakaanza kuharibika.

Mtoto wa jicho. La kushoto lilikwenda polepole na hakumwambia mtu, mpaka alipomwaga uji wa moto kando ya kikombe mbele ya binti yake. Tulipoambiwa, lilikuwa limeshakwisha. Likabaki la kulia, nalo lilikuwa linafunga. Hospitali moja ya Webuye ilikuwa na daktari wa macho anayekuja kwa zamu, siku chache tu, halafu anakwenda kwingine. Wakatuambia tumlete mapema asubuhi, na wasije wakasikia tumekawia, kwa sababu jicho likikomaa sana huenda lisirudi. Bodaboda, mama alikuwa amekataa kuipanda tangu ilipomwangusha kwenye daraja la mbao. Na ulikuwa msimu wa mvua.

"Nitamleta," nilimwambia mke wangu.

"Na nani ataendesha?"

"Mimi! Gari ni langu!"

Mke wangu mwenyewe haendeshi. Alijaribu mara moja kwenye uwanja wa shule, akagonga mlingoti wa goli, akaniambia nikae na takataka yangu.

"Mama haoni," nikasema. "Hataniona. Shida iko wapi?"

"Wewe unamwona."

Basi ikaamuliwa aendeshe shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye aliwahi kuendesha pikapu ya sukari na kwa hiyo anajua kila kitu. Nilianza kumweleza kwamba hili ni la zamani, kwamba kabla ya matope lazima ushuke, uyafunge magurudumu ya mbele kwa kuzungusha kifungo cha kila moja kwa mkono, ndipo nayo yavute. Akanipiga begani. "Shemeji, gari ni gari, bana."

Wakaondoka. Mama amekaa nyuma, binti yake kando yake, shemeji kwenye usukani wangu. Na mimi? Mimi mwenye gari nilifuata nyuma kwa bodaboda, nimeshika mwavuli, mvua inanipiga usoni, umbali wa heshima. Watu walitoka nje kunitazama. Mama mmoja alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

Kwenye mteremko wa miwa nikaliona linateleza, matako yakienda upande wake, likaingia mtaroni polepole na kulala humo. Nikaruka chini. Nikakimbia. Halafu nikasimama, kwa sababu nani yuko ndani? Mafiala. Nikasimama kando ya miwa kama mwizi, nikampigia shemeji simu, tunaonana, hata mtu angerusha jiwe likamfika.

"Funga magurudumu ya mbele!"

"Yamefungwa, shemeji. Nati zote ziko."

Lo! Nilitaka kuila ile simu. Saa nzima nilipiga kelele kuhusu gari langu mwenyewe, nisiruhusiwe kuligusa, mpaka wakapatikana ng'ombe wa kulimia wakalitoa. Tulipofika Webuye daktari alikuwa amevua koti. Njoo zamu ijayo. Shemeji, ili anifariji, akasema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Sijawahi kutamani kumpiga mtu kiatu kama siku hiyo. Si macho yake yeye! Kutoka ndani ya gari nilisikia mama akimwambia binti yake taratibu, "Hakuna neno. Nimeona mengi tayari." Nilirudi Kitale usiku ule na sikula.

Zamu iliyofuata ilipofika, shemeji alikuwa amepata kazi ya mkataba mbali na hakuweza kurudi. Tulitafuta dereva. Wote wana leseni, wote ni hodari kwenye lami, wakishaona ule udongo wanakumbuka shughuli nyingine. Ikabaki siku moja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mke wangu aliongea na mamake jikoni kwa muda mrefu, akatoka na shuka la kitanda, sindano na soksi yangu.

Shuka alilitundika katikati ya gari, kuanzia darini mpaka sakafuni, nyuma kukawa chumba. Soksi akakivisha kioo cha ndani, kile cha dereva kuangalia nyuma.

"Nitaendeshaje bila kioo?"

"Kwani unaenda kinyumenyume?"

Mke wangu ni mwalimu wa sayansi, jamani. Nilizungusha vifungo vya magurudumu nikiwa nimegeuzia ukuta uso, mpaka nikasikia mlango wa nyuma umefungwa na mtu akakohoa. Ndipo nikapanda. Mke wangu alikaa mbele nami, kazi yake ikiwa kubeba maneno. Mama akisema, "Mwambie apunguze," mke wangu ananiambia, "Anasema upunguze." Nasema, "Mwambie ashike chuma cha pembeni." "Mama, anasema ushike chuma." Sote watatu tumesikia kila kitu mara mbili. Kichwa kiliniuma kabla hatujafikia shule ya kwanza njiani.

Na palepale kwenye miwa, pale pale jamani, gurudumu la nyuma kushoto likazama. Nilijaribu gia ndogo. Linalia tu, halisogei. Na saa inakwenda. Mke wangu akavua viatu, akashuka kukata majani ya miwa ya kuweka chini ya matairi, akapotelea nyuma. Nikabaki kwenye usukani. Nikakanyaga, likachimba zaidi. Nikakanyaga tena. Nikaanza kulitukana kama ninavyolitukana kila siku, kwa sauti, matusi ya Kitale ya kweli kweli, ng'ombe wewe, chuma cha laana, nikuuze kwa kilo, na machozi yalikuwa karibu, kwa sababu niliona kabisa tutafika tena daktari akiwa amevua koti.

Kisha nikakumbuka siko peke yangu.

Mimi na mafiala ndani ya gari moja, na mbeba maneno yuko nje kwenye matope. Sikujua hata kama kupumua kunaruhusiwa.

"Wewe gari," sauti ikasema.

Nikageuza shingo, nikairudisha mbele haraka.

"Gari, ambia mwenyewe asikanyage mafuta sana. Hii udongo haitaki hasira. Namjua, miaka yote nasikia vile anakugombeza huko nje. Ambia yeye apoe kwanza."

Nilikaa pale nimeshika usukani kwa mikono yote miwili. Sijui ni nini kilichoniingia. Halafu nikasema, nikiangalia mbele, "Gari, mwambie mama uzito umeegemea kushoto. Kama anaweza, ahamie kulia, ashike chuma."

Nikasikia kiti kikilia. Nikasikia mkono ukipapasa, ukakosa, ukapapasa tena.

"Gari, ambia yeye nimeshika."

Nikaachilia klachi polepole, kuliko nilivyowahi kuiachilia. Mke wangu akasukuma. Likatikisika, likakohoa, likatoka. Alipopanda ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, akauliza nani alikuwa akiongea. "Gari," nikasema, na nyuma ya shuka mtu alicheka kidogo.

Tulimkuta daktari bado ana koti. Siku ya pili walifungua bandeji. Mimi nilikuwa nje kwenye maegesho, nimetoa betri na kuirudisha, kwa sababu stata ilikuwa imekataa tena. Mke wangu alikuja akikimbia, hawezi kusema, akanionyesha kidole kimoja tu. Jicho moja. La kulia. Linaona.

Shuka lilibaki palepale wakati wa kurudi. Tena sheria ilikuwa kali zaidi, maana sasa anaona. Njia nzima nilisikia akimhesabia binti yake: hapa walikata miti, yule amejenga, kumbe miwa ya mwaka huu ni mifupi hivi. Nilitamani sana kuvua ile soksi kwenye kioo. Sikuivua. Niliitazama tu, soksi yangu ya kijivu, imetoboka kisigino, nikaona uchungu. Niliyelinunua gari kwa ajili yake nilikuwa mtu wa mwisho kumwona akiona.

Nyumbani nilishuka, nikaenda nikasimama mbele ya boneti, mgongo nimewapa, kama inavyotakiwa. Mlango wa nyuma ukafunguka. Nilitegemea nyayo zielekee jikoni. Hazikuelekea. Zilizunguka gari taratibu, zikasimama. Nikasikia kiganja kikipiga bodi.

"Kumbe wewe ni mzee hivi," akaliambia. "Mimi waliniambia wewe ni mpya."

Sikugeuka.

"Gari, ambia mwenyewe leo nimeona mgongo yake. Amekonda. Ambia yeye nauliza, huyu msichana wangu anampikia ama anafundisha tu?"

Mke wangu alipiga kelele, "Mama!" Nilitaka kuliambia gari limwambie asante, limwambie ninapikiwa, limwambie mengi sana. Badala yake niliweka mkono kwenye boneti, ambayo bado ilikuwa na joto, nikasubiri mpaka nyayo zikafika jikoni.

Kisha nikapanda turudi Kitale. Nikawasha. Likakataa. Nikawasha tena, stata ikalia, ikanyamaza, kelele ile ile ya kila siku ambayo imeninyima usingizi na kunizeesha. Nikafungua mdomo nilipe matusi yake. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na aliyekuwa akisikia siku zote, sasa alikuwa akiona pia.

Nikaufunga mdomo, nikashuka kusukuma.