Hodi kwenye Kabati la Umeme

Ngo, ngo, ngo. Ndivyo fundi yule kutoka Iringa alivyogonga mlango wa kila kabati la umeme, akisema "Hodi!" kabla ya kulifungua, na mlio ule haujamtoka Tumpe masikioni. Tumpe, msimamizi wa vikaushio katika kiwanda cha chai Tukuyu, alikuwa akimwitikia kwa utani: "Karibu, fundi! Ila humo hawajapika." Fundi alicheka kidogo, akapangusa viganja kwenye suruali, akapuliza ncha ya waya, akaunganisha kompyuta yake na kontrola, kisanduku kinachoamua feni zizunguke lini na moto uwake lini. Alikuja kuchukua nakala ya programu ya kila kontrola, maana waliozifunga waliondoka bila kuacha hata moja. Akiandika, alitaja jina la kila feni kwa kunong'ona, kama mtu anayewaombea wagonjwa.

Kwenye kabati la mwisho alibonyeza kimakosa amri iliyo jirani na ile aliyoikusudia. Badala ya kuivuta programu kutoka kwenye kontrola, akaifunika kwa faili tupu, ikafutika. Feni zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Nje wakulima walikuwa bado wanashusha majani mabichi.

"Si uirudishe, kaka?" Tumpe alisema. "Yataoza haya."

Fundi alitazama orodha ya nakala zake; ya kontrola hii haikuwamo. Alipangusa viganja, akaupuliza waya, akaufunga mlango taratibu. Kisha akaugonga tena, na kwa sauti ambayo Tumpe aliisikia kwa shida, akasema, "Hodi."