Betri Mpya ya Mama Pasi

Sina subira na watu wanaosema Mama Pasi alijitakia. Mimi ni jirani yake, ukuta mmoja ndio unaotutenganisha, na bisibisi aliyotumia ni yangu. Ninayoyasema nayajua.

Miaka tisa amepiga pasi mashuka ya hospitali akiwa kibarua. Utaratibu wa pale ni mmoja: kila siku saa kumi jioni msimamizi anawapigia simu watu wa kesho. Ukipokea, jina lako linapelekwa getini. Usipopatikana, anapigiwa anayefuata. Wiki ile ikatangazwa nafasi moja ya ajira ya kudumu, na atakayepigiwa afike siku hiyohiyo kusaini. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mama Pasi. Wa pili alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye mwenyewe alimwingiza kazini na kumfundisha hata kukunja shuka.

Shida ilikuwa simu. Betri ilikuwa imechoka, ikifika saa nane mchana inazima. Fundi akamwambia, "Iache, uje kesho." Aiache vipi, na wito unaweza kuja leo? Jumapili akanunua betri, akaja chumbani kwangu, tukafungua video ya mafunzo kwenye simu yangu. Akatoa skrubu moja moja, akazipanga kwenye kisosi, akabandua betri kuukuu, akaweka mpya. Simu ikawaka. Tulishangilia mpaka mpangaji wa juu akagonga sakafu.

"Bado dakika mbili video iishe," nikamwambia.

"Zima bwana, usimalize bando lako bure. Si imeshawaka?"

Nikazima, naye akafunika simu. Waliosema haraka haraka haina baraka hawajawahi kusubiri simu ya kazi.

Jumatatu chaji ilikaa kutwa nzima, lakini mtandao ukawa wa kubahatisha. Waifai ya hospitali, ambayo zamani aliipata hadi getini, sasa aliiona akisimama chini ya kisanduku chenyewe. Saa kumi ikapita kimya. Jumanne mlinzi akamwambia jina lake halimo. Tukazima simu na kuwasha, tukafuta mipangilio ya mtandao na kuanza upya, mimi nikawatukana wenye minara. Akagundua kwamba ukiibinya simu mgongoni, karibu na kamera, alama mbili za mtandao zinarudi. Akaifunga kwa mpira wa nywele. Ukiiweka mezani, zinapotea.

Jumatano tukaihamishia laini yake kwenye simu yangu. Alama zote zikajaa. Kumbe ugonjwa ulikuwa ndani ya simu yake, na wenye minara niliwaonea. Nami simu yangu ndiyo inayonilisha, siwezi kukaa bila laini yangu, basi akamwendea mdogo wake, ambaye wiki ile alikuwa anaingia kazini na kuonana na msimamizi.

"Mwambie msimamizi apige namba ya jirani yangu. Nimekuandikia hii hapa."

"Usijali, dada. Nitamwambia."

Alhamisi tulikaa na simu yangu katikati yetu tangu saa tisa. Mama Pasi alikuwa amevaa viatu kabisa. Saa kumi, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Nilimwona akivua kiatu kimoja, kisha akakaa nacho mkononi.

Ijumaa alimvizia msimamizi nje ya geti.

"Mama Pasi, nimekupigia jana mara tano," msimamizi akasema. "Nikamuuliza mdogo wako kama una namba nyingine. Akasema hana habari. Basi nikampa yeye, amesaini. Mimi ningefanyaje?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nyumba ya mdogo mtu na yetu ni mwendo wa dakika kumi.

Aliporudi hakulia. Aliniomba bisibisi na ile video. Safari hii tuliitazama mpaka mwisho, na katika zile dakika mbili mwenye video alikuwa anasema: kabla ya kufunika, hakikisha waya wa antena umebanwa mahali pake. Tukafungua. Waya ulikuwepo, mwembamba kama uzi wa kushonea, kichwa chake kimechomoka. Akaubinya kwa ukucha. Ukalia ta. Alama zikajaa zote.

Hatujamaliza kukaza skrubu simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, nyororo kabisa.

"Dada, afadhali leo umepatikana! Simu yangu nayo haikai na chaji. Na unajua kazini sasa wananihitaji wakati wote. Si wewe ulijifunza kubadilisha betri?"

Mimi ningemtukana. Nilikuwa nimeshavuta pumzi kabisa. Mama Pasi akaninyamazisha kwa mkono.

"Ilete," akasema. "Kwa miguu ni dakika kumi tu, kama ulikuwa hujui."

Upande wa pili pakawa kimya. Mama Pasi akatazama kioo cha simu: alama zote zilikuwepo.