Dakika Mbili za Mama

Siku moja baada ya kuongezewa damu huwa sishikiki. Uboho wangu, ambao kazi yake ni kutengeneza damu, uligoma zamani, kwa hiyo ninaishi kwa damu ya watu nisiowajua, na ile ya wiki hiyo lazima ilitoka kwa mtu mcheshi. Nilicheka tangu nyumbani Kiamunyi hadi mjini. Nilimcheka mlinzi wa ukumbi wa mkutano, nikavicheka viti vya plastiki, nikamcheka hata mama yangu, aliyetoka Ndabibi alfajiri, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, kuja kunipinga.

Ndiyo, kunipinga. Kamati ya bajeti ya kaunti ilikuwa imeita wananchi watoe maoni: je, fedha za umma zitengwe kwa utafiti wa seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka damu mpya? Mimi nilizitaka kwa roho yangu yote. Daktari alikuwa ameniambia bila kuzunguka kwamba damu ya kuongezewa haitanifikisha uzeeni. Mama naye alikuwa amesikia kanisani kwamba watafiti wengine huzitoa seli hizo kwenye mimba changa, na kwake mimba ni mtu. Tulikuwa tumebishana kwa simu wiki nzima, kila mmoja akimwombea mwenzake abadilike.

Mkulima mmoja ndiye aliyefungua mjadala. "Boss, dispensari yetu hata dawa ya homa hakuna, na nyinyi mnatuletea story za seli?"

Tulimpigia makofi. Hata mimi nilipiga, maana alisema kweli, kisha nikakumbuka niko upande gani. Mtafiti mmoja akaeleza kwamba wao wanataka damu ya kitovu tu, ile inayotupwa mtoto akishazaliwa.

"Leo kitovu, kesho je?" akauliza mzee wa kanisa la mama. Hilo nalo lilikuwa swali zuri. Nikaanza kuona kila mtu ana akili, na jambo hilo likanichekesha zaidi.

Halafu mama akaitwa mbele. Kila msemaji alipewa dakika mbili, lakini mama zetu hawajui kushika maiki bila kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Asifiwe tena!"

Alimshukuru Mungu kwa safari, kwa mvua, kwa ng'ombe aliyezaa salama. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa shali nisiangue kicheko.

"Niko na msichana wangu pale nyuma," akaendelea. "Kuna wakati tulikuwa tumeshachagua nguo ya kumzika. Mungu akatuma watu wakampea damu. Siwajui, lakini kila siku nawaombea. Na naomba hata wale wengine wako hospitali wapate kitu itawasaidia. Sasa, mimi nimekuja hapa kusema..."

Kengele ikalia.

Hilo la nguo sikuwa nimewahi kuambiwa.

"Asante, mathe," akasema mwenyekiti. "Kwa hivyo tuandike unasupport?"

"Ndiyo!" ukumbi ukamjibia, watu wakicheka, na mimi nikicheka nao. Kisha nikaona mama hajaketi. Maiki ilikuwa bado mkononi mwake. Neno moja tu lingetosha kuwasahihisha, na alikuwa amesafiri kutoka Ndabibi kulisema. Alinitazama kwa muda mrefu hata kicheko kikanikauka.

"Andika," akasema, akarudisha maiki.

Nje, kwenye foleni ya chai, mzee wa kanisa alimfuata. "Mama, si tulikubaliana? Umebadilika?"

"Sijabadilika," mama akamjibu, akinimiminia chai mimi kwanza. "Mtoto wa tumboni ni mtoto. Hiyo siachi. Lakini huyu naye, mzee, alitoka tumbo gani?"